Vidole Vyangu Katika Picha ya Mguu

Mguu wa kushoto wa mdogo wangu ulizaliwa ukiutazama mwenzake. Wayo ulikuwa umegeukia ndani na kisigino kimevutwa juu, kama kinaikataa ardhi. Alipoanza kutembea alikanyagia ubavu wa nje wa mguu, mahali ambapo watu wengine hawana ngozi ya kukanyagia. Hapo pakatoka kidonda. Wakati wa kiangazi kilikauka, na mvua zikianza kilifunguka tena.

Baba alikufa yeye akiwa bado mgongoni. Miaka miwili baadaye mama naye akafuata, nami nikaacha shule darasa la tatu, kwa sababu katika nyumba ile nilibaki mkubwa. Chini yangu kulikuwa na mdogo wangu wa kiume, na chini yake huyu wa mguu. Mama aliniachia kazi nyingi, lakini iliyonishika kuliko zote ilikuwa ile ya asubuhi. Unapasha samli kidogo kiganjani. Unashika kisigino kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili unausukuma wayo utoke nje, polepole, mpaka unahisi umekubali. Halafu unashika hapo hapo. Mama alikuwa akishika huku anaimba. Mimi sauti sikuwa nayo, nikawa nahesabu mpaka mia, maana hesabu ndiyo niliyotoka nayo shuleni. Mdogo wangu alijua kuhesabu kabla hajajua kufunga nguo yake.

Niliamini kwamba mguu unanyooka. Kila asubuhi nilikuwa nauona umenyooka mikononi mwangu.

Siku moja, mwisho wa kiangazi, nilikwenda naye Mkiwa kubadilisha uwele kwa chumvi. Pale njia panda alikuwapo dresa wa misheni, msaidizi wa daktari, mtu wa makamo mwenye kaptula na soksi ndefu, anachanja watu ndui. Alituona tukipita, akaacha mkono wa mtu hewani.

"Binti, huyu ni mwanao?"

"Shikamoo. Ni mdogo wangu."

"Marahaba. Mama yake yuko wapi?"

"Ni mimi."

Alichuchumaa, akaubonyeza mguu kwa dole gumba, akamwambia mtoto afungue kinywa. Meno ya mbele yalikuwa yameanza kutikisika.

"Muda unakwisha," akasema. "Mfupa wa mtoto ni kama ufito. Ukiwa mbichi unaupinda utakavyo. Ukikauka umepinda, umeshapinda."

Akaniambia kwamba huko Iramba, kwenye hospitali yao, amekuja daktari wa mifupa ambaye atakaa mpaka mvua zikaribie kufunga barabara, kisha ataondoka. Kuna mashine inayopiga picha ya mifupa ndani ya nyama. Daktari huyo huchora mistari juu ya picha na kupima mfupa umepotoka kiasi gani, na kwa kipimo hicho ndipo huamua kama mtu atafungwa tu au atapasuliwa.

"Akipasuliwa atatembea?" niliuliza.

"Atatembea kwa kisigino. Kilometa za shule atazimudu."

Neno la shule aliliongeza yeye, mimi sikuwa nimelitaja. Shule ilikuwa mbali na kwetu, na kuifikia ilibidi kuvuka mto wa mchanga ambao mvua zikinyesha unakuwa mto wa maji. Kwa mguu ule asingefika hata wiki moja.

Baba yangu mdogo, ambaye boma lake lilipakana na letu, hakutaka kusikia. Alinikuta nafunga mzigo, akasimama mlangoni mwa tembe, akayatazama mawingu, kisha akanitazama mimi.

"Mtu gani anaondoka kwake mbingu zikiwa hivi? Mbegu atafungua nani?"

Hilo lilikuwa swali la kweli. Kwetu mbegu ya uwele ilihifadhiwa ndani ya kilindo, pipa la gome la mti, na mdomo wake ulizibwa kwa kinyesi cha ng'ombe kilichochanganywa na majivu. Anayekifungua ni mwanamke wa nyumba, mvua ya kwanza ikishalowesha ardhi. Mwingine hagusi. Na mwanamke wa nyumba yetu nilikuwa mimi.

"Nitarudi kabla ya mvua, baba."

"Umeongea nayo?"

"Na nani?"

"Na mvua."

Mdogo wangu wa kiume akacheka, akanyamaza haraka alipotazamwa. Nilimwachia mbuzi, unga wa wiki mbili na onyo la kutokubali kuazimisha jembe. Kisha nikambeba mtoto mgongoni mpaka Mkiwa, tukapanda lori la mfanyabiashara mmoja wa mjini lililobeba ngozi na asali, tukaketi juu ya ngozi.

Hospitalini tulikaa siku sita bila kuitwa. Mashine ya picha ilitegemea injini ya umeme, na injini iliwashwa siku mbili tu kwa wiki, kwa sababu mafuta yalitoka mbali. Ndugu za wagonjwa tulipika nje, chini ya banda la bati. Sikuweza kuketi. Nilifagia ua asubuhi, nikaufagia tena mchana. Nilikwenda kisimani nikiwa na mtungi uliojaa nusu. Kila nilipoinua kichwa niliona mawingu yanaelekea kusini, yaani kwetu.

Jirani yangu jikoni alikuwa bibi mmoja Mnyiramba, aliyekuja kumuuguza mumewe aliyeteguka nyonga. Alikuwa mtani wangu tangu alipojua nimetoka wapi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Kaa chini, Mnyaturu. Huo ua una kosa gani?"

"Una majani."

"Hauna hata jani. Nyinyi mmezoea kukimbia nyuma ya ng'ombe, hata kukaa hamjui. Ndiyo maana vigoda vyenu havichakai."

Siku ya saba tukaitwa. Daktari, Mzungu mwenye nywele chache, alikuwa ameshautazama mguu mara moja tulipofika, akaandika kitu, akasema anataka picha kwanza. Chumba cha picha kilikuwa na madirisha yaliyozibwa kwa nguo nyeusi, na nje injini ilikuwa inanguruma mpaka sakafu inatetemeka. Dresa, yule yule wa Mkiwa, alimlaza mtoto juu ya meza, akaweka chini ya wayo bamba la baridi lenye filamu ndani. Juu yake kilining'inia kichwa cha mashine.

Mtoto akaanza kujikunja. Dresa akanipa glavu mbili nzito zenye madini ya risasi ndani ya kuzuia miale ya mashine, kubwa kama ndoo.

"Vaa. Mshike hapa, gotini, asitikisike. Usiondoke hapo."

Nilizivaa. Mikono ikawa si yangu. Mtoto alikuwa analia, "Dada, nishike, nishike," na mimi nilikuwa nimemshika, lakini kwa vitu vile hakuhisi kama ni mimi. Dresa akaenda nyuma ya ubao wake. Nikavua glavu. Nikamshika mahali nilipozoea kumshika, kisigino kwa mkono huu na wayo kwa mkono ule, nikaanza kuhesabu. Akanyamaza pale pale. Tulipofika kumi na tano mashine ikalia mlio mfupi, ikawa basi.

"Kumbe ni jasiri," dresa akasema alipotoka. Glavu zilikuwa sakafuni, lakini alikuwa anaiwahisha filamu kwenye chumba cha dawa za kusafishia picha, hakuziona.

Kesho yake tuliitwa kwenye chumba cha daktari. Picha ilikuwa imebandikwa kwenye kisanduku chenye taa ndani. Sikuwahi kuona kitu kama kile. Mguu wa mdogo wangu, ambao niliujua kuliko uso wangu, ulikuwa umevuliwa nyama, mifupa yake myeupe, mingine mikubwa, mingine kama kokoto ambazo bado hazijakutana. Na pembeni yake kulikuwa na mifupa mingine, mirefu, iliyopangana minne, na juu ya mmojawapo pingili nyeupe kabisa. Nilichelewa kuelewa. Ilikuwa pete yangu ya shaba. Vile vilikuwa vidole vyangu.

Daktari alichukua rula na penseli nyeupe. Akachora mstari kupita katikati ya mfupa wa kisigino. Akachora wa pili kupita katikati ya mfupa unaokaa juu yake, ule unaobeba uzito wa mtu. Halafu akaweka juu kipimapembe, nusu duara kama ile ambayo mwalimu wetu aliwahi kutuonyesha mara moja akairudisha kabatini. Dresa alinieleza kwa sauti ya chini, huku daktari akipima.

"Unaona mistari hii miwili? Kwa mtu mwenye mguu mzima inaachana, kama panda ya mti. Kwa mguu uliopinda inalala pamoja. Kadiri inavyolala pamoja ndivyo ubaya ulivyo."

"Na hii?"

"Hii imeachana."

Kweli ilikuwa imeachana. Hata mimi wa darasa la tatu niliona panda pale.

Daktari akageuka. "Nzuri," akasema kwa Kiswahili chake. "Mguu nafunguka. Hapana kisu." Mengine aliyasema kwa Kiingereza, na dresa akayageuza: tutapewa kiatu cha ubao na bendeji, nitamfunga mwenyewe nyumbani kila siku, turudi mwaka ujao tuonekane tena. Lori la kwenda Singida litapita keshokutwa asubuhi.

Nilishukuru mpaka dresa akaniambia inatosha. Nilitoka nje natembea kama mtu aliyetuliwa mzigo wa kuni. Hakuna kisu! Keshokutwa lori, siku ya pili yake nyumbani, na mawingu bado hayajamwaga. Nilimwambia bibi wa Kinyiramba. Akapiga kigelegele kimoja, kidogo, kwa sababu ya wagonjwa.

"Sasa utakaa?" akaniuliza.

"Sasa nitafunga mzigo."

Mchana ule yakashuka manyunyu. Hayakutosha hata kujaza kikombe, lakini yalilaza vumbi, na ua niliokuwa nimeufagia ukawa laini kama unga uliokandwa. Mdogo wangu akatoka barazani kwenda kumwonyesha bibi kiatu chake cha ubao, amekishika mkononi. Nilikuwa nakunja mkeka. Nikaona nyayo zake zimebaki nyuma.

Wayo wa kulia ulikuwa wayo: vidole vitano, uwazi wa katikati, kisigino. Wa kushoto ulikuwa alama kama ya maharage makubwa, imelala ubavu, inatazama ndani. Kisigino hakikuwapo kabisa. Nikafuata alama zile moja baada ya nyingine mpaka jikoni. Zote zilikuwa hivyo.

Nilimwita. Nikaweka mguu wake juu ya jiwe bapa la kusagia chumvi, nikashika nilipozoea. Ukafunguka. Nikauachia. Ukarudi, bila haraka, kama mbuzi anayelijua zizi lake. Nikashika tena, nikaachia tena.

"Dada, si asubuhi," mtoto akasema.

Hapo nikajua nilichofanya. Daktari alitaka kuona mguu unavyokaa wenyewe, na mimi nikamwonyesha unavyokaa nikiushika. Panda ile kwenye picha niliifungua mimi kwa vidole vyangu vinne.

Nataka nieleze vizuri saa zile zilizofuata, kwa sababu watu wakisikia habari hii hudhani nilikimbia moja kwa moja kwenda kusema. Sikukimbia. Nilikwenda kisimani. Nikaosha sufuria lililokuwa safi. Nilijiambia kwamba daktari amesoma, angejua. Nilijiambia kwamba vidole vilionekana wazi kwenye picha, kama angeona kosa angesema. Kiatu cha ubao huenda kingetosha. Mungu huenda angeongeza pale mimi nilipoacha. Nikajiambia pia, na hili ndilo lililokuwa chini ya yote, kwamba nikisema, atapasuliwa, na akipasuliwa tutakaa hapa miezi, na kilindo kimezibwa.

Jioni dereva wa lori lililotoka kusini akanitafuta jikoni. Alikuwa amebeba ujumbe wa mdogo wangu wa kiume kutoka Mkiwa.

"Anasema kwenu mvua imepiga siku mbili. Anasema majirani wote wamefungua mbegu. Baba yenu mdogo anapita kila asubuhi kumwuliza kama dada yake ameolewa huko."

Bibi akacheka mpaka akashika ubavu. Mimi nilikwenda nyuma ya banda, nikarudi, nikaenda tena.

"Wewe Mnyaturu, umemeza siafu?" bibi akaniuliza. "Habari njema umepewa, lori limepatikana, mvua imenyesha. Unamtafuta nani huko nyuma?"

Nikamweleza. Nilimweleza yote, pamoja na glavu. Alisikiliza huku anakoroga uji wa mumewe, hakuacha kukoroga.

"Kwa hiyo unataka wamkate mtoto ambaye wamesema amepona?"

"Hajapona, bibi. Hawajamwona."

"Basi unaniambia mimi kwa nini? Mimi ndiye daktari?"

Asubuhi nilimkuta dresa nje ya chumba cha sindano, anachemsha vyombo vyake. Nilimwamkia, nikasema kabla sijapata nafasi ya kugeuka.

"Ile picha si ya kweli. Niliushika mguu."

"Nilikuambia umshike."

"Ulisema goti."

Akaweka koleo chini. "Glavu je?"

"Nilizivua."

Alivuta pumzi, akatazama kama kuna mtu karibu. "Binti, unajua hiyo miale inafanya nini kwenye mikono? Na unajua filamu zimebaki ngapi kwenye sanduku? Nazitunza kama mahindi ya njaa. Nikienda kwa daktari kumwambia picha ilipigwa vibaya, chumba kile ni cha nani? Ni changu. Nitasema nini?"

"Sema mimi nilishika."

"Na wewe ukiambiwa shika goti, mkono unakwenda unyayoni kwa nini?"

"Ndipo ninapomshika," nikasema. "Kila siku ndipo ninapomshika."

Akaokota koleo. Kisha akafunika chombo chake, akasema, "Njoo. Mlete na mtoto."

Daktari aliibandika picha tena kwenye kisanduku. Safari hii hakutazama mistari yake, alitazama vidole. Aliweka lenzi, akavifuata kimoja kimoja kuanzia kwenye pete mpaka ncha zilipogusa mfupa mdogo wa ubavuni. Akanionyesha kwa mkono nimshike mtoto vile vile. Nikamshika. Akasema niachie. Nikaachia. Alifanya hivyo mara tatu, kama nilivyofanya mimi juu ya jiwe.

"Kila siku?" akaniuliza.

"Kila asubuhi, bwana daktari. Na kabla yangu mama."

Wakazungumza kwa Kiingereza. Nilisubiri kufukuzwa. Dresa akanigeukia, sauti yake imebadilika kidogo.

"Anasema hiyo ndiyo sababu mguu bado ni laini. Watoto wa umri huu wanaoletwa hapa, wengi miguu yao haisogei hata kidogo. Lakini kuwa laini si sawa na kunyooka. Anataka picha nyingine, mtoto amesimama mwenyewe juu ya bamba, uzito wake wote, na asishikwe na mtu."

"Lini?"

"Injini itawashwa kesho."

Kesho ndiyo siku ya lori.

Lori lilikuwa limesimama langoni asubuhi hiyo, linapakia magunia, wakati injini ya umeme inaanza kukohoa nyuma ya majengo. Nilimwendea dereva.

"Mwambie mdogo wangu wa kiume afungue kilindo."

"Afungue yeye? Mtoto wa kiume?" Dereva alitokea kwetu, alijua. "Baba yenu mdogo atanipiga mimi niliyeleta maneno."

"Mwambie nimesema mimi, mwenye nyumba. Avunje kizibo kwa mpini wa jembe. Na samadi iliyoko zizini aitawanye kwanza, asipande juu ya ardhi tupu."

"Na wewe?"

"Mimi nitakuja barabara zikikauka."

Alitikisa kichwa, akapanda. Sikungoja kuona lori linaondoka. Nilisikia tu sauti mbili za injini pamoja, kisha ikabaki moja.

Kwenye chumba cha picha dresa alinisimamisha mlangoni. "Hapana. Hapa mwisho."

Akamwingiza mtoto, akafunga. Nilibaki kwenye korido na ukuta. Nilimsikia akimwambia apande, asimame, aangalie mbele. Nilisikia miguu midogo juu ya kitu kigumu.

"Dada!"

Nikashika kitasa, nikakiachia.

"Dada, njoo unishike!"

Nimefanya kazi nyingi ngumu maishani. Nimechimba kisima, nimezika. Kusimama nje ya mlango ule huku mikono yangu haina kitu ilikuwa ngumu kuliko hizo. Niliibana kwapani. Nikapiga hatua mpaka mwisho wa korido, nikarudi, nikaenda tena. Alikuwa ameanza kuhesabu mwenyewe kwa sauti ya kilio, na alikuwa anaruka namba: nane, tisa, kumi na mbili. Nilitaka kumsahihisha. Mashine ikalia.

Picha ya pili ilibandikwa kando ya ile ya kwanza. Vidole havikuwapo. Mguu ulikuwa peke yake, umekaa kama ulivyotaka kukaa. Daktari akachora mistari yake, na kabla hajaweka kipimapembe nilikuwa nimeshaona. Mstari wa kisigino na mstari wa mfupa wa juu yake ilikuwa imelala pamoja kama mistari ya daftari la shule, inakwenda, inakwenda, haina mpango wa kuachana. Alipima mara mbili. Akaandika namba, akaipigia mstari chini.

"Kisu," nikasema mimi.

"Kisu," akasema daktari. Halafu akatafuta neno, akalipata. "Vizuri nasema wewe."

Walimpasua wiki ile ile. Walikata mishipa iliyokuwa imeukunja mguu kwa nyuma na kwa ndani, wakaugeuza, wakauzungushia plasta mpaka juu ya goti. Daktari wa mifupa akaondoka kabla barabara hazijafunga, akawaachia wengine kazi ya kubadilisha plasta. Tulikaa mvua zote. Bibi wa Kinyiramba aliondoka na mumewe anayechechemea, akaniachia chungu. Nyumbani, niliambiwa baadaye, mdogo wangu wa kiume alivunja kizibo mbele ya watu na baba mdogo hakuzungumza naye mwezi mzima. Alipanda kwa kuchelewa, na kwa kuwa hakuna aliyemfundisha alijaza mbegu shimo moja kama anayelisha kuku. Uwele ulisongamana, tukavuna kidogo, na mwaka ule tulikula mlenda mwingi kuliko ugali. Mpaka leo hajanisamehe kabisa kwa kucheka nilipoliona shamba lile.

Mvua zilipokoma plasta ya mwisho ikakatwa. Mguu ulitoka mwembamba, na ngozi imechubuka kama ganda la muhogo. Dresa akapiga picha ya tatu. Nilikaa nje bila kuambiwa. Aliipima yeye mwenyewe, kwa rula na kipimapembe alivyoachiwa na daktari, akaniita ndani. Mistari ilikuwa imeachana. Haikuwa panda pana kama ya mguu wa kulia, ambao aliupiga pia ili tulinganishe, lakini kati yake ungeweza kuona nafasi.

"Haijafika," akasema. "Na haitafika. Mguu huu utakuwa mdogo kuliko mwenzake, na kifundo kitakuwa kigumu. Lakini ni wa kutembelea."

Tukamtoa nje mpaka barazani. Nilimshusha kwenye saruji, akasimama ameshika nguzo. Kisigino cha kushoto kilishuka, kikagusa. Alikitazama. Nami nilikitazama, na hapo ndipo nilipoona kwamba ngozi yake ilikuwa laini na ya waridi kama kisigino cha mtoto mchanga. Katika miaka yote sita kilikuwa hakijawahi kukanyaga kitu.

Akateremka ngazi moja, akaingia uani, kwenye changarawe. Akasimama ghafla, uso umekunjamana.

"Dada, mawe yanauma."

"Ndivyo yalivyo."

"Yanauma kisigino."

"Najua. Sisi wote yanatuuma. Tembea."

Akanitazama kwa hasira ya kweli, kama mtu aliyedanganywa katika biashara. Kisha akapiga hatua nyingine, na nyingine, akilalamika kila hatua, mpaka langoni.